Yai Lisilo na Ganda Si Uchawi: Kuku wa Mama Mmoja wa Kaloleni

Mwezi huu nilikuwa nimepanga kuandika juu ya mzunguko wa akina mama na vitabu vya hesabu, lakini hiyo itangoja. Kuna jambo limetokea katika jumuiya yetu hapa Kaloleni, na limenifanya niketi usiku nikisoma habari za kuku, mimi ambaye diploma yangu ni ya ustawi wa jamii wala si ya mifugo.

Mama mmoja wa jumuiya yetu ana watoto wanne na kuku 11. Kuku wake ni wale wa kienyeji walioboreshwa, na anawafuga katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba. Anayeijua Kaloleni (hii ya Nairobi, si ile ya Kilifi) anajua hali yetu. Nyumba zilijengwa miaka ya 1940 na baraza la mji kwa ajili ya familia za Waafrika, kila moja na kauwanja kake. Siku hizi viwanja vimejaa vibanda, na kuku wanabanwa katika ile pembe iliyobaki. Mayai yake humwuzia kijana anayesukuma mkokoteni wa mayai boilo na kachumbari kando ya Jogoo Road. Si pesa nyingi, lakini ndiyo inayolipa chakula cha mchana shuleni cha wale wadogo wawili.

Basi baada ya Pasaka, Jumatatu asubuhi, akakuta kwenye kiota kitu kama kifuko cha maji. Lilikuwa yai, lakini halina ganda, ngozi tu, likiguswa linatikisika. Jumanne akapata mawili: moja lina makunyanzi kama goti la mzee, lingine dogo kama la njiwa, na alipolipasua halikuwa na kiini ndani. Wiki hiyo yote mayai yakaendelea kutoka ya ajabu ajabu. Yale ya rangi ya kahawia yakawa meupe kama karatasi. Kijana wa mayai boilo akamrudishia nusu trei akisema, "Mama, haya yanapasuka kwa sufuria kabla maji hayajachemka."

Sasa, katika ploti habari haikai nyumba moja. Mlango wa pili anaishi shosho mmoja mjane, na hawa wawili walikuwa wamekosana mwezi uliotangulia kwa sababu ya foleni ya maji. Jirani wa kwanza akasema, "Hiyo ni mkono wa mtu." Wa pili akasema shosho alionekana akitazama kibanda cha kuku. Wa tatu akajua mganga ng'ambo ya barabara, ambaye alitaka pesa na kuku mweupe asiye na doa. Watoto wakaambiwa wasipite mlangoni kwa shosho. Shosho akaacha kuja jumuiya. Halafu usiku mmoja mtu akarusha jiwe juu ya mabati yake.

Hapo ndipo niliitwa. Sikuitwa kwa sababu ya mayai, niliitwa kwa sababu ya jiwe. Tusichukulie jambo hili kuwa mchezo. Mwaka 2008 huko Kisii watu 11 walichomwa moto wakiitwa wachawi, na wengi wao walikuwa wanawake. Mambo kama hayo huanza na maneno madogo, mtoto ameugua, ng'ombe amekauka maziwa, kuku ametaga yai bovu.

Na msifikiri ni Waafrika peke yetu. Mwaka 1474 katika mji wa Basel, Uswisi, watu walimshtaki jogoo mahakamani kwamba ametaga yai. Wakamhukumu, wakamchoma moto pamoja na yai lake, kwa maana waliamini kutoka yai kama hilo huanguliwa joka. Yale mayai madogo yasiyo na kiini Wazungu waliyaita kwa muda mrefu mayai ya jogoo, au mayai ya wachawi. Kwa hiyo hofu hii imezunguka dunia. Kitu kilichoiondoa ni watu kumpasua kuku na kuangalia yai linatengenezwa wapi.

Na sisi tuangalie. Ukichinja kuku anayetaga utaona karibu na uti wa mgongo, upande wa kushoto, kishada cha viini vidogo na vikubwa kama zabibu. Upande wa kulia hakuna kitu cha maana, kuku hutumia upande mmoja tu. Kiini kikiiva huchomoka na kuanguka katika mdomo wa mrija mrefu. Hapo mdomoni hukaa kama robo saa. Halafu huingia sehemu ya kuvikwa ute mweupe, kama saa 3. Kisha sehemu ya kuvikwa ile ngozi nyembamba ambayo unaiona ukimenya yai lililochemshwa, saa 1 na zaidi kidogo. Mwisho huingia katika mfuko wa ganda, na hapa ndipo penye kazi: yai hukaa humo karibu saa 20 likipakwa chokaa polepole. Rangi ya kahawia huja mwishoni, kama fundi anayepiga rangi ukuta ukiisha kukauka. Yote pamoja ni kama saa 25. Ndiyo sababu kuku mzuri hutaga kila siku kwa kuchelewa kidogo, hata siku moja akaruka.

Ukiielewa hiyo safari, mayai ya ajabu yanaanza kujieleza yenyewe. Yai la ngozi tu ni yai lililotoka kabla ya zile saa 20 kwisha, au mfuko wa ganda haukuwa na chokaa ya kutosha, au umeugua. Yai lililopauka limekosa ile rangi ya mwisho. Yai lenye mshipi katikati, kama limeungwa, lilipata ufa likiwa bado tumboni, na kuku akaliziba kwa chokaa mpya. Yai lililonyooka upande mmoja kama limekatwa lilichelewa kutoka, likafuatwa na lingine, yakabanana. Yai lenye vumbi jeupe au vipele vya chokaa lilikaa ndani muda mrefu kupita kiasi. Na lile dogo lisilo na kiini? Katika mrija huingia kipande kidogo cha damu iliyoganda au ute uliosalia, na mrija, ambao hauna macho, unadhani ni kiini. Unakivika ute, unakivika ngozi, unakivika ganda. Kuna hata yai ndani ya yai, pale lililokamilika linaposukumwa kurudi juu na kukutana na kiini kingine kinachoshuka. Niliwahi kuliona moja tu maishani, utotoni, na nyumbani lilitupwa mbali bila mtu kuuliza swali.

Kwa nini mrija uchanganyikiwe? Kuku ni mwoga, na hofu yake huingia tumboni. Akishtuka, mwili hutoa ile homoni ya kukimbia, mfuko wa ganda unakaza au unalegea, yai linazuiwa ndani au linatupwa nje kabla ya wakati. Hatuhitaji mchawi katika ploti za Eastlands kumtisha kuku. Kuna mbwa, kuna paka, kuna kicheche, kuna watoto na mpira, kuna fataki za mkesha wa mwaka mpya, kuna matatu zinazopiga muziki mpaka mabati yanacheza. Kuna kuhamishwa kutoka kibanda kimoja hadi kingine. Kuna kukosa maji siku nzima kwa sababu mifereji imekauka, na hilo wengi hawalijui: kuku anayetaga akikosa maji hata siku moja huweza kusimama kutaga kwa siku kadhaa.

Nilimwomba afisa wa mifugo aje tuone pamoja. Alikuja, Mungu ambariki, na kabla ya kugusa kuku yeyote akamketisha mama yule na kumwuliza maswali nusu saa nzima. Nilijifunza kitu pale. Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, lakini sikuwa nimemwuliza hata moja juu ya kuku.

Tukajua mambo mawili. La kwanza, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, watu wakiwa kwenye mkesha, mbwa alivunja mlango wa kibanda akaua kuku wawili. Waliobaki walikutwa asubuhi wamerundikana pembeni. La pili, kujaza pengo, Jumatatu ya Pasaka mama alinunua kuku wawili sokoni akawaingiza moja kwa moja kibandani na wengine. Wale wageni walikuwa wakipiga chafya. Baada ya siku chache kibanda kizima kilikuwa kikikoroma usiku kama watu wenye mafua, macho yanatoa machozi, halafu wakapoa bila kufa hata mmoja. "Nikafikiri yameisha," alisema mama.

Hayakuwa yameisha. Afisa akatueleza kwamba tunaona mambo mawili yaliyopandana, na ndiyo maana watu walichanganyikiwa.

Mshtuko wa mbwa huleta mayai ya ngozi, mayai yenye mshipi, yenye vumbi la chokaa, mara nyingine lile dogo. Lakini mshtuko hupita. Kuku wakitulia, wakila na kunywa, ndani ya siku chache mpaka wiki mbili mayai hurudi sawa. Wengine watanyonyoka manyoya na kusimama kutaga wiki kadhaa, hiyo pia si ajabu, mwili unapumzika.

Ugonjwa ni kitu kingine. Yai lenye makunyanzi, lililopauka, na ukilipasua kwenye sahani ute wake unatiririka kama maji badala ya kukizunguka kiini, hilo hufanya mtu afikirie bronkaitisi ya kuku. Ni ugonjwa wa virusi ulioelezwa kwanza Marekani, katika jimbo la North Dakota, mwaka 1931. Virusi vyake ni vya ukoo wa korona, na nilipolitaja neno hilo jumuiya watu walirudi nyuma na viti vyao! Tulieni. Hivi ni vya kuku, havimshiki mtu, na vilijulikana miaka mingi kabla ya Covid. Huanza kifuani, kisha hushuka kwenye mrija wa mayai na kuuchuna ndani. Mrija uliochunwa hauwezi kupanga ute wala ganda vizuri. Mayai yanaweza kuchukua wiki 6 mpaka 8 kuboreka, na kuku wengine hawarudi kabisa kama zamani. Vifaranga wakiupata katika majuma ya kwanza ya maisha, mrija unaweza kuharibika daima: anakua, ananenepa, kilemba chekundu, anaingia kiotani kila siku kama mtagaji, na yai halitoki. Mama mwingine katika kikao alipiga makofi aliposikia hivyo. Alikuwa amelisha kuku wa namna hiyo tangu mwaka jana akisubiri muujiza.

Newcastle, ambayo wengine wanaiita kideri, nayo huharibu mayai kwa wale wanaopona. Lakini hiyo kwa kawaida haifichi uso wake: kuku wanaharisha kijani, shingo zinapinda, mabawa yanaanguka, na wanakufa wengi kwa siku chache. Ilipata jina kutoka mji wa Newcastle, Uingereza, ilikotambuliwa mwaka 1926. Inaweza kumpa mtu macho mekundu pia, kwa hiyo nawa mikono baada ya kushika kuku mgonjwa au baada ya kuchanja. Upo tena ugonjwa wa virusi ulioonekana Uholanzi mwaka 1976, ambao kuku anaonekana mzima kabisa lakini anaangusha mayai ya ngozi siku baada ya siku. Huo asili yake ni mabata. Ndugu zangu mnaochanganya mabata na kuku kibanda kimoja, mmesikia.

Afisa hakuapa kwamba ni bronkaitisi. Alisema dalili zinafanana nayo, na kwamba kujua hasa ni mpaka maabara. Kuku akifa na hujui sababu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya wanyama kule Upper Kabete wanaopasua na kuchunguza, na maabara kuu ya mifugo ya serikali pia iko Kabete. Mpeleke siku hiyo hiyo, katika ndoo yenye kifuniko, asiwe amegandishwa kwa friza. Mkiwa majirani watatu wenye kuku wanaokufa, changeni nauli mtu mmoja aende. Ni rahisi kuliko yule kuku mweupe wa mganga.

Sasa niseme juu ya tiba, maana hapa ndipo pesa nyingi ilipotea. Mama alikuwa amekwisha kununua kapsuli za tetrasaiklini, zile za binadamu, akafungua na kumwaga katika maji. Virusi havisikii antibayotiki. Dawa hiyo husaidia tu kama kuna bakteria wameingia juu ya ugonjwa, na hilo ni la daktari wa mifugo kuamua. Baya zaidi, mayai ya siku hizo yaliendelea kuuzwa. Dawa huingia katika yai. Kila pakiti halali ya dawa ya kuku imeandikwa siku za kungoja kabla ya kula au kuuza mayai; kama haijaandikwa, au imetolewa kwenye pakiti na kufungwa kwa gazeti, usinunue. Tena dawa zenyewe huweza kuleta mayai ya ajabu. Ipo dawa moja ya kuzuia koksidia, inaitwa nikabazini, ambayo ikipewa kuku wanaotaga ganda la kahawia linageuka jeupe. Watu wanaona ganda jeupe, wanaongeza dawa, na ganda linazidi kuwa jeupe.

Na mimi pia nilikosa, niseme ukweli. Kabla ya afisa kuja nilimwambia mama, kwa sauti ya mtu anayejua, "Ongeza chokaa." Akaenda akanunua chokaa ya kupaka ukuta! Ile inachoma, inaunguza koo na tumbo la kuku. Kwa bahati nzuri kuku walikuwa na akili kutuzidi, wakaikataa. Chokaa inayotakiwa ni ile ya mawe iliyosagwa kwa ajili ya mifugo, au makombe ya baharini yaliyopondwa, zote ziko agroveti. Anayekosa hivyo atumie maganda ya mayai: yaoshe, yakaushe motoni mpaka yavunjike kwa kidole, yaponde mpaka yasifanane na yai tena. Ukiwapa yakiwa na umbo la yai watajifunza kudonoa mayai yao wenyewe, na tabia hiyo haiponi. Weka katika kopo la peke yake, usichanganye katika chakula. Kuku anayehitaji atakula, asiyehitaji ataacha. Jioni ndiyo saa nzuri, kwa sababu ganda hutengenezwa zaidi usiku, na kuku ambaye hakupata chokaa mchana huchukua kutoka mifupa yake. Ganda moja lina kama gramu 2 za kalsiamu au zaidi kidogo. Fikiria kuitoa mfupani kila siku.

Gunia la chakula nalo lisomwe. Lile la kuku wanaotaga limeandikwa Layers, na lina kalsiamu karibu mara tatu au nne ya lile la Growers au Chick. Wengi wetu tunanunua kilo mbili mbili zilizokwisha kufunguliwa dukani, na muuzaji anachota kutoka gunia lililo karibu. Mwambie akuonyeshe gunia. Na wale tunaolisha mabaki ya ugali na sukuma wiki pekee, tusitegemee ganda gumu kutoka kwa hewa.

Jambo la mahindi nalisema kwa uchungu. Mahindi yaliyoota ukungu watu husema, "Haya tuwape kuku." Mwaka 2004, katika Ukambani, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu wa mahindi, aflatoksini, na 125 wakafa. Sumu hiyo humpunguzia kuku mayai, humharibu ini, na kidogo hupita kuingia katika yai unalompa mtoto. Mahindi yaliyooza hayafai mtu wala kuku.

Joto pia. Januari na Februari kibanda cha mabati huwa kama oveni. Kuku akihema mdomo wazi anapoteza hewa ambayo damu inaitumia kutengeneza ganda, kwa hiyo ganda linakuwa jembamba hata kama chokaa ipo. Gunia lililolowanishwa juu ya mabati, dirisha la waya upande wa pili, maji baridi saa nane mchana, hayo yanatosha kwa wengi.

Watu waliniuliza sana, je, mayai haya yanaliwa? Lile dogo lisilo na kiini, lile lenye viini viwili, lenye mshipi au vipele, lenye tone la damu, yote yanaliwa kama kuku ni mzima na hajapewa dawa. Yai la ngozi tu ni tofauti: ganda ndilo ukuta wake, na kiota kina kinyesi. Kama hulioni likitoka na kiota si kisafi, tupa. Usiliuze kamwe. Ya kuku wanaokoroma na kuharisha yasiuzwe, na yoyote unayokula yapikwe mpaka kiini kishikane. Wala usiatamishe mayai yenye kasoro, utapoteza siku 21 za kuku mzuri.

Angalia kuku, usiangalie yai peke yake. Kuku anayekula, anayekimbia, kilemba chekundu, akitaga yai la ajabu mara moja, mwache. Hata kuku mchanga anayeanza na kuku mzee anayemaliza hutaga hovyo. Lakini kuku aliyesimama wima kama mtu aliyevaa koti, mkia chini, akijikamua bila kitu kutoka, huyo yai limemkwama. Mkalishe katika beseni la maji ya vuguvugu tumbo lizame kwa dakika 20, umpake vaselini, umweke gizani penye utulivu. Usilivunje yai ndani, vipande vitamkata. Isipotoka siku hiyo, mpeleke kwa daktari au chukua kisu mapema.

Kwa mama yetu tuliamua hivi. Kuku wote wakakaa kwao, hakuna kuuza wala kununua wala kuazimana jogoo. Kibanda kikafagiliwa, maranda yakabadilishwa, mlango ukawekwa komeo. Wageni wowote kuanzia sasa watakaa peke yao siku 14 kwanza, hata kama ni ndani ya kreti chini ya ngazi ya jirani, na watu wahudumie wale wa zamani kwanza ndipo wageni. Yeye aliona siku 14 ni nyingi. Nilimwuliza wiki za hasara alizopata ni ngapi, akanyamaza.

Kazi ngumu ilikuwa kwa shosho. Sikutaka kumwita mbele ya watu kana kwamba ni kesi. Nilikwenda na mama mwenyewe, jioni, bila mzee wa kanisa. Mama alipiga magoti mlangoni akasema, "Shosho, nisamehe, nilisikiliza maneno." Shosho hakujibu upesi. Alituambia amelala macho tangu lile jiwe. Halafu akauliza, "Sasa hao kuku mnawapa nini?" Ikawa mazungumzo. Kumbe huyu mama mzee alifuga kuku miaka mingi kwao kabla ya kuja Nairobi, na mambo ya maganda yaliyokaushwa anayajua kuliko mimi na afisa. Alimfundisha mama kutazama mifupa ya nyonga ya kuku kwa vidole: ikiachana vidole viwili au vitatu anataga, ikibanana hatagi. Sisemi kwamba wamekuwa marafiki. Wanasalimiana, na watoto wanapita. Aliyerusha jiwe hatujamjua, na hilo jumuiya haijalimaliza.

Mpaka ninapoandika ni wiki ya saba. Kuku sita wanataga sawa, na kijana wa mayai boilo amerudi. Wawili bado wanatoa mayai ya makunyanzi yenye ute wa maji. Hao mama atawachinja mmoja mmoja kwa ajili ya nyumba. Mmoja amesimama kabisa. Wale wawili wa sokoni wanataga vizuri kuliko wote, na hiyo imemuudhi sana.

Bronkaitisi haina tiba, lakini ina chanjo, mara nyingi ikiwa pamoja na ya Newcastle. Chanjo ya Newcastle peke yake hutengenezwa hapa kwetu na taasisi ya serikali, KEVEVAPI, na kwa kuku wa kienyeji inafaa kurudiwa kila miezi mitatu. Shida ya mwenye kuku 11 ni kwamba chupa ina dozi mia moja au zaidi, na ikishachanganywa haikai, saa mbili tu imekwisha. Hivyo tumeanza orodha. Mpaka sasa zimeandikishwa nyumba 14, jumla kuku 126, na shosho ndiye anayeshika daftari. Chanjo itatolewa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijapanda. Wenye kuku wanaokoroma au kuharisha wasiwalete wala wasichanje siku hiyo, watuambie mapema afisa apite kwao kwanza. Wengine wafungieni kuku usiku wa Ijumaa ili washikike. Bado tunatafuta mtu mwenye chupa kubwa ya barafu ya kubebea dawa kutoka mjini. Aliye nayo amwone shosho au aniachie ujumbe ofisi ya parokia.